Crispus Anangoja Ujerumani

Katika jengo letu la Flemingdon Park, huku Kanada, lenye watu wa kila taifa na lifti mbili zinazoharibika kwa zamu, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye siku yake ingeweza kuharibiwa na viwanda vya Ujerumani. Mtu huyo ni Crispus Mutuma, Mmeru wa Nkubu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha mikate kule Mississauga. Asubuhi moja ya Aprili mwaka 2025 nilimkuta mbele ya lifti, simu mkononi, uso umemshuka, nikadhani amefiwa.

"Wamepunguza tena, Mama Melissa," aliniambia.

"Nani kapunguza nini?"

"Ujerumani. Makisio ya mwaka huu. Serikali yao ilikuwa imesema uchumi utakua kidogo. Sasa wanasema sufuri. Haukui hata kidogo."

Nilimpa pole, kama ninavyowapa wote waliopatwa na msiba. Jina langu ni Chelagat, ni muuguzi katika nyumba ya wazee, na maneno ya pole ninayo ya kutosha. Lifti ilipofika, Crispus hakuingia. Alisema atashuka kwa ngazi, kwa sababu kusimama kulikuwa kunamchosha.

Usimcheke mapema. Mimi nilimcheka sana mwanzoni, na aibu ya kicheko kile ninayo mpaka leo.

Mke wa Crispus anaitwa Nkatha. Ni muuguzi kama mimi, ila yeye anafanya kazi Ujerumani, katika mji mdogo karibu na Stuttgart. Walipokuwa Kenya walifanya wanavyofanya watu wetu wengi: mmoja anatupa ndoano huku, mwingine kule, na itakakonasa ndiko familia itakakohamia. Balaa ni kwamba ndoano zote mbili zilinasa. Kanada ilimwita mume, Ujerumani ikamwita mke, na kila mmoja akamwambia mwenzake, ngoja nijipange kidogo halafu nikuvute. Walivutana hivyo miaka sita. Walikuwa wakionana Desemba tu, nyumbani Nkubu, na sehemu kubwa ya Desemba hiyo ilikuwa ya mashangazi na wajomba.

Hatimaye walikubaliana kwamba Crispus ndiye atakayehama. Pasipoti ya Kanada alikuwa ameshapata, kwa hiyo mlango wa kule ulikuwa wazi kwake. Kiwanda kimoja cha vipuri vya magari, karibu na anakokaa Nkatha, kilimfanyia usaili kwa video, kikamwandikia kwamba kinamtaka kuanzia Januari, na kwamba mkataba utafuata. Hapo ndipo Crispus alipokosea, na lilikuwa kosa la Mkenya mlokole mtupu.

Kanisani kwetu tuna kitu kinaitwa ushuhuda wa imani. Unasimama mbele ya watu, unamshukuru Mungu kwa jambo ambalo bado hujalipata, unalitaja kana kwamba liko mfukoni. Mchungaji wetu husema ukingoja mpaka upate ndipo ushukuru, hiyo si imani, hiyo ni risiti. Basi Oktoba ya mwaka uliotangulia Crispus alisimama na suti yake ya bluu, akasema, "Mungu amenipa kazi ya kiwanda Ujerumani, naenda kwa mke wangu." Kina mama tulipiga vigelegele. Mkataba ulikuwa haujafika.

Na ushuhuda huzaa kuagwa. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya chakula, kwa hiyo naijua shughuli ile kwa miguu yangu iliyovimba. Tulipika pilau, chapati na mukimo. Wazee wa kanisa walimwekea mikono, tukamvisha shuka, keki ikakatwa. Watu walilia. Wiki iliyofuata Crispus aliacha kazi, akamwambia Mehboob, msimamizi wa jengo letu, kwamba nyumba itakuwa wazi mwisho wa Desemba, kisha akaanza kugawa vitu vyake. Kochi, meza na kitanda vilikwenda ghorofa ya nne, kwa Hyacinthe na Sabine, Wakongomani wa Bukavu waliokuwa wamehamia na watoto wao bila hata kijiko.

Katikati ya Desemba kiwanda kiliandika. Oda zimepungua, walisema, wateja wanasitasita, wanaomba aanze Aprili badala ya Januari. Aprili ilipofika wakasema pengine vuli. Sisi watu wa Flemingdon tarehe za namna hiyo tunazijua sana, maana tumeahidiwa treni mpya ya Eglinton tangu watoto wetu wakiwa chekechea. Nilimwambia hivyo nikidhani atacheka. Aliniangalia tu, akaendelea kugongagonga ukuta kwa kidole.

Mtu akishaagwa anatakiwa aondoke. Hiyo ni adabu tu. Jumapili ya kwanza ya Januari Crispus alikuja kanisani, na kila mkono alioushika ulimwuliza, kumbe bado uko? Hawakuwa na nia mbaya. Lakini wageni walipoombwa wasimame wakaribishwe, nusu ya kanisa iligeuka kumtazama, na mtoto mmoja akamwuliza mama yake kwa sauti kama keki italiwa tena. Hakurudi. Mehboob, Mungu ambariki, alimwacha akae katika nyumba yake tupu, na kiwanda cha mikate kilimrudisha kama kibarua kwenye mashine zile zile alizozihudumia miaka yote. Nyumbani alikuwa na godoro, sufuria moja na sanduku.

Ndipo alipoanza kuisoma Ujerumani. Alijua uchumi wake ulikuwa umesinyaa miaka miwili mfululizo. Alijua jinsi gesi ilivyopanda bei baada ya vita vya Ukreni, jinsi Wachina waliokuwa wakinunua magari ya Wajerumani walivyoanza kujitengenezea ya kwao, na jinsi ushuru mpya wa Marekani ulivyomkuta mgonjwa tayari amelala. Alikuwa akinieleza haya kwenye kituo cha basi, akienda mbele na kurudi nyuma, mpaka watu wakawa wanampisha. Kule Munich, aliniambia, kuna taasisi inayowauliza mabosi wapatao elfu tisa kila mwezi, mnajisikiaje, na biashara mnaionaje mbele. Majibu yanajumlishwa, nchi inatangaziwa. Mabosi wakiwa na moyo kidogo, Crispus alikula vizuri. Wakiwa na huzuni, alishinda na chai.

"Hao mabosi ndio wamemwoa Nkatha?" nilimwuliza siku moja.

"Wao ndio watakaoniajiri."

"Na Nkatha anasemaje?"

Basi la Don Mills lilifika, likajaa, likaondoka, naye hakupanda ingawa ndilo lililokuwa lake.

"Nkatha anasema niende tu," alisema. "Anasema mshahara wake unatosha, nitafute kazi nikiwa huko huko."

"Si uende basi."

"Mama Melissa, unataka niambiwe nimeolewa?"

Nilikuwa nalijua jibu hilo kabla halijatoka. Wanaume wetu wanaweza kuvumilia baridi ya Februari na mabosi wasiojua kutamka majina yao, lakini mwambie mmoja akae katika nyumba inayolipiwa na mkewe, ataona afadhali afe. Crispus alikuwa na jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Alilisema akiangalia viatu vyake.

"Nilisimama mbele ya kanisa nikasema Mungu amenipa kazi ya kiwanda. Nikienda bila kazi, nitakuwa nilidanganya madhabahuni."

Kwa hiyo mtu huyu hakuweza kubaki, kwa sababu alikuwa ameshaagwa, wala hakuweza kuondoka, kwa sababu ushuhuda wake haujatimia. Alikuwa amejifungia katikati, na ufunguo ameupa uchumi wa Ujerumani. Nilikasirika. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, na methali nyingine mbili ambazo nimezisahau. Alinishukuru kwa upole, kisha akaenda kwa miguu mpaka kituo cha mbele, kwa kuwa kusimama kulimshinda.

Majira ya kuchipua yalipita hivyo. Mtu yeyote aliyekaa karibu na Crispus aliondoka na wasiwasi. Alianza kupika akaacha. Alifungua dirisha, akalifunga. Alikuja kwangu kuazima bisibisi, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama anayesubiri kuitwa jina, na akaondoka bila bisibisi. Binti yangu Melissa, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri lakini hunijibu kwa Kiingereza, aliniuliza, "Mom, is he leaving or not?" Nilimwambia kama Crispus anaondoka au la, hata yeye mwenyewe hajui.

Mahali pekee alipotulia kidogo ni ghorofa ya nne, kwa Sabine. Alikuwa akishuka kila Jumapili mchana na kuketi kwenye lile kochi lililokuwa lake, mgeni katika kiti chake mwenyewe. Hyacinthe hufanya kazi Jumapili, anasafisha ofisi za watu mjini, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Sabine na watoto. Mara ya kwanza Crispus alibisha na kusimama mlangoni akizungusha kofia mkononi. Sabine alimwonyesha kochi, akamwambia kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Ingia, papa. Fotei ni yako, unaogopa nini?" Tangu siku ile alikuwa akimpigia Nkatha simu akiwa pale, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na pa kukalia.

Mimi nilianza kwenda pia. Nilikuwa nampelekea chakula kilichobaki kanisani, na, tuseme ukweli, nilitaka kusikia. Simu za watu wetu hazina siri. Simu inaegemezwa kwenye kikombe, sauti inafunguliwa, kila aliyepo anasalimia, mtoto anapitisha uso. Kwa hiyo niliyajua maongezi yao vizuri. Crispus alikuwa akimsalimu mkewe mara moja, harakaharaka, kisha anaanza.

"Malori bado yanapita kwenye barabara kuu?"

"Yanapita."

"Mengi kama mwaka jana?"

"Sikuyaangalia, Crispus."

"Na kile kiwanda karibu na kwenu, taa zinawaka zamu ya jioni? Madukani je, watu wananunua? Treni ya asubuhi inajaa?"

Nkatha alikuwa akijibu yote. Alikuwa na sauti ndogo, ya mtu aliyesimama kazini mchana kutwa. Treni ilijaa kiasi. Taa ziliwaka upande mmoja. Duka la viatu lilikuwa limefungwa, lakini labda kwa matengenezo. Crispus alikuwa akisikiliza huku akipima kila jibu, na mwishoni akisema, "Basi kuna dalili," au, "Hakuna dalili." Kisha waliagana, naye akainuka na kuanza kutembea kutoka kochi hadi dirisha.

Jumapili moja ya mwisho wa Juni joto lilikuwa kali na feni ya Sabine ilikuwa inazunguka bila faida. Crispus alifika na habari njema: mabosi wa Munich walikuwa wamejisikia vizuri kidogo, tena kwa mwezi mwingine mfululizo. Aliipiga simu kabla hajaketi. Alikuwa amechangamka hata akasahau kuvua kofia. Lakini Sabine alikuwa karibu na meza akimlisha mtoto wake mdogo uji, na uso wa Nkatha ulipotokea kwenye kioo, Sabine ndiye aliyewahi kumsalimu, kama wanavyosalimiana kwao, kipande kwa kipande bila haraka.

"Jambo, mama Nkatha. Umeshinda muzuri? Kazi iko aje? Na mwili? Mwili yako iko aje?"

Uso kwenye kioo uliganda. Nilidhani mtandao umekatika. Crispus aliinama kuigusa simu.

"Mwili," alisema Nkatha. Akaisogeza simu karibu na uso. "Sabine, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

"Basi sema, mama. Tuko tunasikia."

Nkatha alisema. Machi ile alipatikana na uvimbe tumboni. Walimfanyia upasuaji katika hospitali ile ile anakofanya kazi, akalala wiki nzima, wenzake wakimgeuza kitandani. Karatasi ya kukubali kupasuliwa alijitilia saini mwenyewe. Daktari alisema uvimbe upelekwe kupimwa kama ni saratani, na majibu yalichelewa. Aliyangoja peke yake, katika chumba chenye dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Yalipokuja yalikuwa mazuri. Haikuwa saratani.

"Kwa nini hukuniambia?" Crispus aliuliza.

"Nilikupigia, Crispus. Ilikuwa Jumapili, nilikuwa kitandani, nimeshika simu juu ya uso. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kuanzia. Ukaniuliza kama hospitali bado zinaajiri."

Sabine alikiweka kijiko cha uji mezani.

"Nikakwambia wanaajiri, kuna wagonjwa wengi," Nkatha aliendelea. "Ukasema, basi kuna dalili. Halafu ukaniaga. Kila Jumapili unaniuliza Ujerumani inaendeleaje. Mimi Nkatha hujaniuliza tangu Desemba."

"Nkatha, mimi nilikuwa..."

"Sikukatazi kuja. Nasema tu kwamba nimeacha kungoja. Ukija utanikuta. Usipokuja, nitaendelea na kazi yangu." Akamshukuru Sabine, akanisalimu mimi kwa jina, akakata simu.

Crispus alisimama, akatembea hadi dirishani, akarudi, akafungua mlango na kutoka. Nilimkuta kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, akipanda vidato vichache na kuvishuka. Nilimtaka akae. Hakuweza. Basi nilikaa mimi, nikamsubiri kila alipopita mbele yangu.

"Nitamwandikia bosi wa kiwanda," alisema. "Nitamwomba anipe tarehe moja ya kweli. Wakisema Septemba, naweza..."

Ndipo hasira yangu iliponipanda hadi kichwani.

"Crispus, nisikilize. Mabosi elfu tisa unajua wanavyojisikia. Kila mwezi. Unajua walivyojisikia Machi, siku ambazo mke wako alikuwa amelala na mshono tumboni akingoja kuambiwa kama anakufa. Mtu angeniuliza mimi Machi ile ningemwambia Nkatha yuko mzima, kwa sababu wewe uliniambia yuko mzima. Ulikuwa unanidanganya, na hukujua."

"Kanisa..."

"Kanisa nitalijibu mimi. Mimi ndiye niliyepika ile pilau. Wakikuita mwongo, wataniambia mimi, na nitawaambia wasubiri chapati kwa mwenyekiti mwingine." Nilisikia sauti yangu ikipanda kwenye ngazi, mlango mmoja ukafunguliwa juu na kufungwa tena. "Na wakisema umeolewa, si kweli? Umeoa, ameolewa, mmeoana. Kuna aibu gani?"

Hapo ndipo alipoketi. Aliketi kidato kimoja chini yangu, akavua kofia, akaifunika usoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Sikumwambia anyamaze. Wazee ninaowahudumia wamenifunza kwamba mtu akilia, la muhimu ni kukaa karibu na kutoangalia saa. Mimi pia nililia, kwa sababu nilimkumbuka Nkatha na ile simu juu ya uso wake, na kwa sababu nilikuwa nimecheka kwa miezi mizima, nikimwona mtu na nchi yake isiyokua kama mchezo wa kuchekesha.

Aliondoka Alhamisi ya wiki ile ile. Hakuwa na mengi ya kufunga. Kiwanda cha mikate alikiaga kwa ujumbe wa mstari mmoja, na Wajerumani wa vipuri hakuwaandikia kabisa. Nilichukua ruhusa ya nusu siku nikampeleka uwanja wa ndege kwa gari langu. Njiani alifungua kioo, akafunga, akafungua. Tulipokuwa kwenye foleni ya magari ya barabara kuu ya 401 aliniuliza, akiangalia mbele, "Nikifika nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Crispus, mimi si mke wako."

Tulipofika, alipokuwa anashusha sanduku, alisema hana uhakika kama Nkatha atamfungulia mlango. Nilitaka kumwambia atamfungulia. Mimi pia sikuwa na uhakika, kwa hiyo nilimwombea sala fupi pale pale kwenye barabara ya kushushia abiria, huku askari akitupungia mkono tuondoke.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani, nikawaambia kwamba Crispus amekwenda kwa mke wake, hana kazi, na ushuhuda huo hauna imani wala risiti, ni habari tu. Wengine waliitikia amina. Wengine walitazamana. Mchungaji aliita wimbo mapema kuliko kawaida.

Nkatha alinipigia baada ya wiki mbili. Nilikuwa jikoni, nikaweka simu juu ya friji nikazima jiko. Safari hii nilianza na mwili. Alisema mwili uko sawa, mshono unawasha kukiwa na mvua. Kisha nikamwuliza ilikuwaje alipofika.

"Sikwenda kumpokea," alisema. "Nilikuwa na zamu ya asubuhi, na sikuomba ruhusa. Nilimtumia namba ya basi la kuja hospitali tu. Saa nne nilipita kwenye dirisha la wadi, nikamwona amekaa kule chini, kwenye mlango wa wagonjwa wa nje, na sanduku lake kati ya miguu."

"Ukashuka?"

"Sikushuka. Zamu yangu inaisha saa nane."

"Nkatha. Ulimwacha pale masaa manne mazima?"

"Nilimwacha. Nilikuwa nikipita dirishani kila nikipata nafasi. Nilidhani atainuka, azungukezunguke, aende kuuliza mapokezi, unamjua alivyo. Hakuinuka. Kuna mzee alikaa karibu naye, akaitwa, akaenda. Mama na mtoto wakakaa, wakaitwa, wakaenda. Yeye amekaa tu, anaangalia mlango."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nilibadilisha nguo pole pole, Mama Melissa, nakwambia ukweli. Nikashuka. Aliponiona alisimama, na sikumsaidia, sikusema neno. Akaniangalia hivi, kutoka kichwani mpaka miguuni. Akaniuliza, umechoka?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nimechoka sana. Akanipokea mkoba wangu. Tulipanda basi, nikaanza kulia, nikalia mpaka tukapitiliza kituo, ikabidi turudi kwa miguu."